Jina la Mbegu ya Igundu

Sogeeni, sogeeni, moto ni wa wote. Mwenye kiazi mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii ikifika mwisho nitadai jibu, na sitaki mtu anijibu huku anatafuna.

Palikuwa na kijiji kule Uporoto, juu kabisa kwenye baridi, tukiite Igundu. Watu wa Igundu walilima viazi mviringo. Walikula viazi, waliuza viazi, walisomesha watoto kwa viazi, na wakigombana walirushiana viazi. Basi katika kijiji hicho walikuwapo watu watatu waliojaliwa, kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwanza alikuwa Bupe, mkaanga chipsi wa njia panda, pale malori yanapopakia. Kipaji chake kilikuwa karaini. Wengine hutazama chipsi zikiiva, Bupe alizisikiliza. Anaweza kuwa ameligeuzia jiko mgongo, anakata kachumbari, anapiga soga na wateja, ghafla anasema, "Hizo tayari." Zikitolewa, kweli, zote za dhahabu, hakuna hata moja iliyopitiliza.

Wa pili alikuwa Mzee Ambilikile, fundi saa. Ndiyo, saa, cheka tu. Kila mtu siku hizi akitaka kujua wakati anachomoa simu, lakini mzee hakufunga kibanda chake. Kila asubuhi alipanga vibano vyake, akabana kile kioo kidogo kwenye jicho, akasubiri mteja ambaye haji. Kipaji chake kilikuwa jicho. Kitu ambacho wewe huoni, yeye alikiona, na akishaanza kukitazama hakuchoka. Hakujaliwa mke wala mtoto. "Nikifa mimi," alizoea kusema, "jina langu mtalizika pamoja na viatu vyangu." Watu walicheka, naye alicheka, ila yeye ndiye aliyewahi kunyamaza.

Wa tatu alikuwa Mama Tusekile, mkunga. Kipaji chake kilikuwa kuaminiwa. Akila kitu, wanawake wa Igundu wanakila. Akikiacha, wanakiacha. Pembeni mwa shamba lake alikuwa na mtaro mrefu wa mnavu, ile mboga chungu chungu, ulioachwa na bibi yake, ukatunzwa na mama yake, ukafika kwake. Kila aliyejifungua Igundu alipelekewa mnavu huo umeungwa karanga, ili maziwa yashuke. Desturi yao ilikuwa kwamba mnavu wa wazazi hauguswi na mtu mwingine, haung'olewi, na mwanamume hakanyagi mtaro ule hata kama anamkimbiza mbuzi wake. Nyumba nyingine nazo ziliotesha kwa mbegu iliyotoka pale pale, kila shamba likawa na mtaro wake pembeni. Mtu akitaja mnavu wa Mama Tusekile, hadi wageni walijua ni nini. Shikeni hapo kwenye mnavu, tutarudi.

Msimu mmoja viazi vikaja na visirani. Kwa nje vilikuwa viazi safi tu. Bupe akavimenya, akavikata, akavitia kwenye mafuta. Akasikiliza. Mlio ukawa si ule. Akageuka mbio, na alichokiona karaini kilimfanya aweke kisu chini. Kila chipsi ilikuwa na michirizi myeusi, kutoka ncha hadi ncha.

Dereva mmoja akaonja, akatema. "Dada, hii chipsi au mkaa?"

"Samahani kaka, ngoja nikukaangie nyingine."

Akakaanga nyingine. Michirizi ile ile, uchungu ule ule. Akamwaga mafuta, akanunua mapya. Akasugua karai kwa jivu na mchanga mpaka likang'aa. Wapi! Siku ya tatu uvumi ukapanda mlima bila kupumzika: Bupe anakaangia mafuta ya transfoma.

Jamani, mdomo hauna breki. Ndani ya mwezi mmoja jina lake likawa ndilo jina la kila kilichoungua. Ugali ukishika chini ya sufuria, watu wanasema umepata bupe. Nguo ikiungua na pasi, imepigwa bupe. Yeye mwenyewe alivumilia, mtu mzima huvumilia mengi. Lakini binti yake Ikupa, wa darasa la pili, alirudi kutoka shule siku moja akasimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Mama, kwa nini babu alikupa jina la uchafu?"

Bupe alimvua begi lile. Aliingia ndani akalia mpaka kanga ikalowa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, jina lake arudishiwe.

Akakaa chini akafikiri. Akachukua kiazi kibichi, akakikata kwa wembe kipande chembamba, akakiinua kwenye jua. Ndani mlikuwa na vidoa hafifu vya kahawia, vimejipanga kwa mistari. Mafuta hayakuleta uchafu wowote. Mafuta yalikianika tu kile ambacho kiazi kilikuja nacho kutoka shambani.

Akaenda kwenye mkutano wa kijiji. "Shida haiko karaini kwangu," akasema. "Iko ndani ya viazi vyenu."

Wakamcheka. "Mwizi wa kuku naye husema kuku alijileta!"

"Sawa," Bupe akasema. "Kila mtu aende kwake. Achukue kiazi chake, mafuta yake, sufuria yake, akaange mwenyewe. Kesho tukutane."

Kesho yake watu walikuja wameinamisha vichwa, kila mmoja na kisahani kimefunikwa. Wakafunua. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Siku hiyo Igundu kila nyumba ilikaanga bupe yake. Hakuna aliyemwomba radhi, watu wana aibu zao, lakini tangu hapo wote walijua kwamba viazi vyao vinaumwa. Kabla ya hapo walikuwa wakiona majani yamejikunja na kuingia rangi ya zambarau, wakisema ni sakitu, ile baridi inayounguza majani, au ni ukungu, wakinyunyiza dawa na kwenda kulala.

Haya, ugonjwa upo. Unatoka wapi?

Bupe akashuka shambani akachuma majani yaliyojikunja. Juu ya jani moja akaona punje nyeupe, ndogo, kama mtu aliyepita akimwaga sukari. Akaonja kwa ncha ya ulimi, mkaanga chipsi hawezi kujizuia, akakuta kuna utamu kwa mbali. Akalibeba jani lile mpaka kwa Mzee Ambilikile.

"Shikamoo mzee. Nina saa imeharibika."

"Marahaba mwanangu! Iko wapi?" Mzee akanyanyuka na macho yamemtoka kwa furaha.

"Ndiyo hii," Bupe akampa jani, akaona haya kwa utani wake.

Mzee hakukasirika. Alibana kioo jichoni, akaligeuza jani upande wa chini, akainama. Asubuhi ikapita. Bupe akaenda kukaanga, akarudi, akamkuta vile vile. Mchana ukafika. Ndipo mzee akasema, "Njoo uwaone wageni wako."

Bupe akatazama. Chini ya jani walikuwa wamebandikana vidudu bapa, vya kijani, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinafyonza utomvu, na kile cheupe kilikuwa kinyesi chao.

"Mzee! Nimeonja!"

"Pole," akasema mzee, "wengine tumekula vibaya zaidi. Sasa tazama pembeni." Pembeni alikuwa mkubwa wao, ana mbawa, umbo la nyenje lakini mdogo kabisa. Alipoguswa na kibano, aliruka akatoweka.

Wakamwita Kiruka. Lakini Igundu ni watu wa ushahidi, na mzee alijua hawatamwamini mtu wa saa kwa habari ya shamba. Akapanda viazi kwenye makopo mawili, akayafunika yote kwa vipande vya chandarua chake, yeye mwenyewe akabaki analala na mbu. Kwenye kopo moja akaingiza Kiruka kumi. Lingine akaliacha hivyo hivyo. Kila siku alikaa mbele ya makopo yale na kioo chake, akiandika kwenye daftari. Wiki zikapita. Kopo la Kiruka likakunja majani, likaingia zambarau. Vikachimbwa, Bupe akakaanga mbele ya kijiji kizima. Vya kopo moja dhahabu, vya kopo lingine milia.

"Mchawi tumemwona," wakasema watu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kibanda cha fundi saa kilijaa watu hadi nje.

Wakamwandama Kiruka. Wakapiga dawa, wakang'oa viazi vyote, wakachoma mabua, wakapumzisha mashamba msimu mzima. Wakalima njegere, wakala njegere mpaka watoto wakachukia rangi ya kijani. Msimu uliofuata wakapanda viazi, wakakaa wanangoja kwa roho juu. Mwezi haukuisha, sukari ikarudi kwenye majani.

Mnaona? Mtu amefukuzwa msimu mzima, amerudi kabla hujafunga mlango. Maana yake alilala jirani. Walimtafuta kwenye miti, kwenye nyasi, kwenye mapaa ya nyumba. Walimtafuta Igundu nzima isipokuwa mahali pamoja, na hapo hawakupatafuta kwa sababu walikuwa watu wenye adabu.

Mama Tusekile alikwenda kuchuma mnavu asubuhi moja, maana binti yake Tusekile alikuwa na mimba ya miezi minane na alitaka aanze kumjengea damu. Akaushika mmea wa kwanza. Vidole vikapata unga. Akageuza jani, akaona punje nyeupe zimejaa, na walipohisi mkono wake, Kiruka wakaruka kutoka mtaro mzima.

Akakaa chini pale pale kwenye umande. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Hakuna aliyeruhusiwa hata kukanyaga. Na laiti mtu mwingine angesema mnavu ung'olewe, iwe Bupe, iwe mzee, iwe bwana shamba mwenyewe, wanawake wa Igundu wangemtoa kwa jembe. Ung'oe mnavu wa wazazi? Watoto wanyonye nini?

Bupe alikuwa anapita na ndoo yake ya viazi, akamwona mama amekaa chini.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi mwanangu. Niletee jembe langu, liko mlangoni."

Akaanza mwanzo wa mtaro. Kila mmea aliouinua aliukung'uta udongo, akaulaza taratibu. Bupe alitaka kusaidia, akamkataza. "Huu aliupanda bibi yangu. Mkono wa mtu mwingine usiuguse." Alilia waziwazi, bila kujifuta, akaendelea kulima. Mtaro ulipokwisha, akaukusanya mnavu wote akauwasha moto, na hakuacha hata punje ya mbegu.

Halafu, na jasho lake na masizi yake, akaenda nyumba hadi nyumba. "Nimeung'oa wangu. Ng'oeni." Hakueleza zaidi. Wanawake walimtazama usoni, wakafuata majembe. Kufikia jioni Igundu haikuwa na mnavu.

Mwezi uliofuata Tusekile akajifungua mtoto wa kike, na maziwa hayakushuka. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Watu wakaanza kunong'ona, na Mama Tusekile akapika uji, akapika majani ya maboga, akakaa kitandani kwa binti yake. Siku ya tatu asubuhi mtoto akanyonya akashiba, akacheua. Kijiji kizima kilipumua.

Ikabaki mbegu. Utapata wapi mbegu safi kwenye kijiji kilichougua? Wakashirikiana watatu wale. Viazi vichache vilivyobaki, Bupe alikata kila kimoja kipande chembamba cha kitako, akakikaanga. Kikitoka na milia, kiazi kizima motoni. Kikitoka cha dhahabu, kilichobaki kilipakwa jivu kwenye jeraha na kuwekwa kando. Kutoka magunia manne vilipatikana viazi vya kujaza debe moja. Mzee Ambilikile akavilinda shambani, kila asubuhi anageuza majani na kioo chake. Mama Tusekile akasimamia mipaka, na mnavu ukichipua tu, hata uwe na majani mawili, anaung'oa mwenyewe. Debe likazaa magunia, magunia yakazaa shamba, na baada ya misimu mitatu Igundu ilichimba viazi mpaka majembe yakachoka. Bupe akakaanga karai zima njia panda. Aliyefika wa kwanza kuonja, mbele za watu, alikuwa Mama Tusekile. Akatafuna, akasema kwa sauti, "Ndaga, asante, Bupe. Hizi ni tamu." Wateja wakajipanga.

Sasa sikilizeni vizuri. Kule mbegu njema hupewa jina la mtu. Jina hilo huandikwa kwenye gunia, likashuka na lori mpaka masokoni, likaitwa na watu ambao hawajawahi kumwona mwenye jina, wala hawatamwona. Na mbegu ikiwa nzuri, huitwa hivyo miaka na miaka, hata wajukuu wakasahau ilianzaje.

Lori likaja. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Mbegu hii tuiite nani?"

Mzee Ambilikile alisimama kwanza, akavua kofia. "Ndugu zangu, mimi sijawahi kuomba kitu. Bila kioo changu mngekuwa bado mnapigana na sakitu. Nyie wote mna watoto wa kuwaita. Mimi nikiondoka, nani atalitamka jina langu? Nipeni hili, libaki nitakapoondoka."

Mama Tusekile akasimama, mjukuu mgongoni. "Mzee jina lake linakwisha, kweli. Langu nililing'oa kwa mkono wangu. Vizazi vitatu tulijulikana kwa mnavu ule, na leo pale pembeni mwa shamba pana udongo mtupu. Nililitoa ili nyie mle. Sasa kama kuna jina la kutoa, si lirudi kwa aliyelitoa?"

Bupe akasimama. "Mimi nawaheshimu wote wawili, ni wazazi wangu. Lakini mimi ndiye niliyewaambia mnaumwa, mkanicheka. Mzee jina lake linakwisha, mama jina lake limeondoka kwa heshima. Langu mlilichafua nyie wenyewe. Mwanangu bado analisikia shuleni kila sufuria ikiungua. Likipakwa kwenye gunia la viazi vizuri, litasafika."

Kijiji kikagawanyika. Huku wanasema, Bupe asingekaanga tusingejua. Huku wanasema, mzee asingetazama tungejua lakini tungempiga nani? Huku wanasema, mama asingeng'oa tungempiga Kiruka na angerudi. Mmoja akasema waandike majina yote matatu. Kuli mmoja akaweka gunia chini.

"Wazee wangu, mimi nikiwa na gunia begani nina pumzi ya neno moja. Mkiandika matatu nitaita la kwanza, na sokoni ndilo litabaki. Msijidanganye."

Dereva akapiga honi. Mwenyekiti akachoka. Igundu nzima mwenye mwandiko mzuri ni mmoja, Bupe, aliyezoea kuandika ubao wa chipsi. Mwenyekiti akachukua brashi na kopo la rangi, akamkabidhi.

"Sisi tumeshindwa. Wewe andika unaloona ni haki, na hilo ndilo tutakaloliita. Hatutakulaumu."

Hatutakulaumu! Watu wa Igundu hao hao.

Bupe akasimama mbele ya gunia la kwanza. Mzee Ambilikile alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Tusekile alikuwa amemgeuza mjukuu mbele, anamfuta pua, hataki kumtazama Bupe asije akamshawishi.  Mmoja alilala na mbu kwa ajili ya viazi vya watu wengine. Mwingine alikula chipsi zake hadharani siku ambayo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuwa wa kwanza. Na ubavuni kwake Ikupa alikuwa amesogea, sasa yuko darasa la tano, anangoja asome jina ambalo mama yake ataandika.

Bupe akachovya brashi kwenye rangi.

Na mimi namshika mkono hapo hapo, brashi hiyo nakupa wewe. Usinitazame mimi, nimeshakwambia tangu mwanzo kwamba nitadai jibu. Lori limewashwa, makuli wamejipanga, rangi inadondoka kwenye vidole vyako, na watatu hao wako mbele yako. Haya, gunia ndilo hilo. Wewe ungeandika jina la nani?